Shanga, Kofia na Viondo: Mikono Iliyopendezesha Watu Ikasahau Kujilipa

Ijumaa usiku, msichana wa Sinza anazipiga picha hereni alizotunga mwenyewe na kuziweka status. Hana mpango wowote wa biashara. Alinunua shanga Kariakoo, akawa anatunga jioni huku tamthilia inaendelea kwenye TV, na mkono ukazoea. Kabla hajalala, meseji tatu zimeshaingia na zote zinauliza kitu kimoja: "Shilingi ngapi?"

Hapo ndipo hobi inapogeuka biashara. Sio siku ya kufungua akaunti mpya wala siku ya kuchapisha kadi zenye jina. Ni pale mtu anapouliza bei. Na hapo hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana jibu linatoka kwa kubahatisha na kwa aibu kidogo: "Wewe nipe elfu tano tu, shosti."

Unaambiwa swali hilo lina umri mkubwa kinoma hapa kwetu. Watu wa Afrika Mashariki wametengeneza urembo kwa mikono tangu enzi na enzi, na urembo huo umetajirisha watu wengi. Ukichimba historia yake utakutana na jambo moja linalojirudia: aliyetengeneza na aliyelipwa vizuri mara nyingi hawakuwa mtu mmoja. Ukijua kwa nini, utaelewa pia kwa nini biashara nyingi za hereni na vikuku zinakufa kabla ya kutimiza mwaka.

KABLA YA HELA KULIKUWA NA SHANGA

Kilifi, pwani ya Kenya, kuna pango linaitwa Panga ya Saidi. Humo watafiti walikuta ushanga wa kombe la baharini wenye zaidi ya miaka 60,000. Huku Tanzania, mkoani Iringa, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000. Yaani watu walikuwa wanajipamba kabla ya kilimo, kabla ya chuma, kabla ya mji wowote kujengwa popote duniani.

Sasa njoo karibu zaidi na zama zetu. Kisiwani Pemba, upande wa kaskazini, kuna sehemu inaitwa Tumbe. Kati ya karne ya 7 na ya 10 kulikuwa na makazi makubwa ya Waswahili wa mwanzo. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua pale walikuta maelfu ya vigae vya vyungu vilivyovunjika, na kila kigae kina mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa. Ndivyo vilikuwa vifaa vya kutengenezea shanga. Mtu anachukua kipande cha kombe, anakitoboa, kisha anakisugua kwenye mfereji wa kigae mpaka kinakuwa duara na laini.

Cha kuvutia ni mahali vilipokutwa. Vilikuwa kwenye makazi ya watu, katikati ya mabaki ya vyakula na vyombo vya kupikia. Kwa lugha ya leo tungesema watu walikuwa wanafanyia kazi nyumbani. Chungu kimevunjika, hukitupi, kigae chake kinakuwa mashine. Mtaji mdogo na muda mwingi. Hakuna anayejua jina la hata mmoja wa wale watu.

Kisha mambo yakabadilika. Vyombo vya Bahari ya Hindi vilizidi kuleta shanga za kioo kutoka Asia. Zilikuwa na rangi kali, zilikuwa sawasawa zote, na zilikuja tayari. Kadiri shanga za kioo zilivyojaa pwani, ndivyo usuguaji wa makombe ulivyopoteza nafasi yake. Ukitaka kujua mzigo wa nje ulianza lini kumtikisa fundi wa nyumbani, jibu lake ni zamani sana, hata Kariakoo haijawa mtaa.

TRENDI ILIYOWEZA KUUA MSAFARA

Ruka mpaka karne ya 19. Misafara inatoka Bagamoyo na kwingineko pwani kwenda bara kufuata pembe za ndovu. Huko bara noti hazipo, kwa hiyo wapagazi wanabeba vitambaa, waya za shaba na shanga, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice, Italia. Shanga ndiyo ilikuwa chenji. Ukitaka mtama, toa shanga. Ukitaka kuku, toa shanga.

Msafiri mmoja Mwingereza aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857 aliandika kwamba kulikuwa na aina kama 400 za shanga, na nyingine zilikuwa na majina matatu au manne. Nyekundu zilizoitwa samesame ndizo zilikuwa habari ya mjini. Zilipewa hata jina la utani lenye maana ya kivunja mji, kwa sababu wanawake walizipenda kupita kiasi.

Lakini hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kila nchi ilikuwa na fasheni yake. Msafiri mwingine aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 alieleza kwamba shanga nyeusi zilikubalika Ugogo lakini watu wa sehemu nyingine walizikataa kabisa, wakati nyeupe zilikuwa nzuri Ufipa na zikadharauliwa kwingine. Kwa hiyo mfanyabiashara alipaswa kupiga hesabu akiwa bado pwani: tutakaa Ugogo siku ngapi, tutapita wapi, huko wanavaa rangi gani mwaka huu? Akikosea, anafika na mizigo kibao mabegani mwa wapagazi isiyonunua hata kibaba cha unga. Watu wanalala njaa wakiwa wamebeba "hela".

Hilo ni somo la kwanza kwa anayeanza leo. Watu wengi wakipata mtaji wa laki mbili wanauzamisha wote kwenye mzigo wa rangi wanazozipenda wao. Wale wa misafara walijifunza kwa njaa kwamba rangi unayoipenda wewe haina uhusiano na rangi atakayoinunua mteja.

Angalia na kitu kingine. Wasafiri wale waliandika majina ya shanga, bei zake na zilikopendwa. Wanawake waliozichukua zile punje wakazigeuza vidani, vikuku na mikanda, hawakuandikwa. Wamasai ni mfano mzuri. Shanga za kioo zinazotumika kwenye urembo wao zilitoka Ulaya, na mpaka leo shanga zenye sifa zaidi zinatoka Jamhuri ya Cheki. Lakini hakuna anayekuja Arusha kununua "urembo wa Cheki". Anakuja kununua wa Kimasai. Kioo ni cha mgeni, na thamani inatoka kwa mama anayejua rangi ipi inakaa na ipi, na mpangilio upi unamfaa msichana na upi unamfaa mke wa mtu. Malighafi inanunuliwa dukani na mtu yeyote. Jicho la kupanga haliuzwi dukani.

KOFIA ILIYOSHONWA MIEZI NA KUUZWA DAKIKA MBILI

Rudi tena pwani. Zanzibar, Lamu na visiwa vya Ngazija kuna kofia za viua, zile nyeupe au za rangi zilizotobolewa matundu madogo madogo, kila tundu likazungushiwa uzi kwa sindano. Kofia ina duara la juu na mkanda wa pembeni, na vyote viwili vinajazwa michoro. Kofia nzuri haitoki kwa wiki moja. Inaweza kuchukua miezi, kutegemea na wingi wa viua na nafasi anayoipata mshonaji kati ya kupika, watoto na shughuli za mtaani.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake majumbani. Jioni barazani au uani, sindano mkononi, mazungumzo yanaendelea. Ukimuuliza, atakwambia anapitisha muda tu. Na neno hilo, "napitisha muda", ndilo lililomgharimu. Kwa sababu kama muda unapitishwa tu, basi hauna bei. Kofia ikiisha anapewa kaka, mjomba au mtu wa dukani akaiuze. Mwenye duka anakaa na kofia dakika mbili mbele ya mteja na kuondoka na sehemu yake. Aliyekaa nayo miezi miwili anapokea kinachobaki na kusema alhamdulillahi.

Hakuna haja ya kumfanya mwenye duka kuwa jambazi. Alikuwa na fremu, alikuwa na wateja, na alijua mgeni gani ana pesa. Alikuwa na vitu viwili ambavyo mshonaji hakuwa navyo: alimwona mnunuzi kwa macho, na alitaja bei kwa mdomo wake mwenyewe. Anayetaja bei ndiye mwenye biashara. Mwingine ni fundi wake, hata kama hawajaandikishana.

KIONDO KILIVYOPANDA NDEGE

Wanawake wa Kikuyu na Kikamba nchini Kenya wamesuka viondo vizazi na vizazi. Zamani walitumia nyuzi za magome ya miti, baadaye katani ikashika nafasi. Kiondo kilibebea mazao, mkanda wake ukipita kwenye paji la uso. Mama aliweza kusuka huku anatembea kwenda shambani.

Miaka ya 1970 na 1980 dunia ikakigundua. Wasichana wa Ulaya na Marekani walitaka kiondo cha kutokea, na kikawa pochi ya fasheni. Oda zikamiminika. Ukisikia hivyo unadhani vijiji vya Machakos vilitajirika. Cheki mnyororo wenyewe: mama anasuka, mkusanyaji anapita kijijini kununua, anampelekea mfanyabiashara wa mjini, anayekiwekea mikanda ya ngozi na bitana ya ndani, kisha msafirishaji anakipeleka nje. Mama alilipwa kwa kikapu kisichomalizika. Hela nene ilikaa kwenye umaliziaji, yaani ngozi, bitana, zipu na lebo.

Halafu kikaja kilichokuja. Viwanda vya Asia vikaanza kutoa vikapu vinavyofanana na kiondo kwa mashine, kwa nyuzi za kutengenezwa, haraka na kwa bei ya chini. Mnunuzi wa mbali hakujua tofauti, maana hakuna aliyewahi kumwambia nani alisuka kile cha kwanza. Kiondo kilipanda ndege bila jina la mtu. Kitu kisicho na jina la mtu ni rahisi kukiiga, hakuna anayelalamika na akasikilizwa.

WALIOPINDUA MEZA

Lakini historia sio kilio tu. Mwaka 1975, kwenye mtaa wa Karen jijini Nairobi, mwanamke mmoja alianza kutengeneza shanga za udongo wa kuchoma kwenye kibanda kidogo nyumbani kwake. Aliajiri kina mama wawili waliokuwa wanalea watoto peke yao, na haraka akagundua kuna wengine wengi wanaotafuta kazi kama hiyo. Jina walilolipa lilikuwa Kazuri, kwa maana ya kitu kidogo na kizuri. Mwaka 1988 kibanda kikawa kiwanda, na baadaye wanawake waliofanya kazi pale walipita 300. Shanga zikauzwa nchi nyingi.

Kilichofanya kazi hapo sio uzuri peke yake, maana uzuri ulikuwepo tangu Tumbe. Kazi iligawanywa, mmoja anafinyanga, mwingine anapaka rangi, mwingine anatunga, kwa hiyo kila mkono ukawa mwepesi. Mali ilikuwa na jina. Duka na karakana vilikuwa pamoja, mteja anamwona mtengenezaji. Na mtengenezaji alikuwa analipwa kwa kazi yake, hasubiri huruma ya dalali.

Kampala nao wana yao. Eneo la Kireka liliwapokea watu wa Kiacholi waliokimbia vita kaskazini mwa Uganda, na wanawake wengi walikuwa wanaponda kokoto kwenye machimbo kwa ujira mdogo sana. Wengine walikuwa wanatunga shanga za karatasi. Unakata karatasi ya gazeti au kalenda iwe pembetatu ndefu, unaikunja kuzunguka sindano, unagundisha, unapaka vanishi. Mwaka 2004 wageni kutoka Marekani wakaziona, wakanunua, wakaenda nazo kwao, na rafiki zao wakazigombania. Ukaanzishwa mpango wa kuziuza kwenye sherehe ndogo ndogo majumbani huko Marekani, kama wanavyouza vyombo.

Mpango huo ulikuwa na akili moja ambayo watu huisahau. Wanawake hawakuambiwa watatunga shanga milele. Waliwekewa muda, wakatakiwa kuweka akiba, na akiba ile iwaanzishie biashara nyingine wakitoka. Kwa nini? Kwa sababu kukunja karatasi anaweza kujifunza mtu yeyote kwa mchana mmoja. Leo shanga hizo utazikuta kwenye masoko ya sanaa ya Kampala, Nairobi na Dar, zimejaa na bei imeshuka. Kitu rahisi kuiga kinakupa dirisha la kupumua, na dirisha hilo hufungwa.

SIMU ILIPOINGIA KATI

Machi 2007 M-Pesa ikaanza Kenya, mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Mwaka 2010 Instagram ikaingia. Kwa fundi wa nyumbani, vitu hivi viwili vilifanya jambo ambalo karne zote zilizopita hazikulifanya. Mshonaji wa uani anaweza kumwona mnunuzi bila kutoka uani, na pesa ikamfikia bila kupita kwa mjomba wala mwenye duka. Mzigo unapanda bodaboda au unawekwa kwenye basi la Mwanza, kesho yake umefika.

Kwa hiyo ukuta uliomzuia mama wa kofia umeanguka. Swali ni je, mbona binti wa Sinza bado analia hela haionekani?

Tupige hesabu ya mfano. Pea moja ya hereni: shanga, uzi na vishikizo 1,500. Kifungashio 300. Nauli ya kufuata mzigo Kariakoo, ukiigawa kwa kila pea, 400. Jumla 2,200. Anauza 5,000, anabaki na 2,800, anasherehekea. Lakini hereni hizo amezitunga kwa saa mbili na nusu. Ina maana amejilipa 1,120 kwa saa. Akija rafiki na ile sauti ya "nifanyie bei ya kishkaji", akampa kwa 3,500, amejilipa 520 kwa saa. Bado bando. Bado pea iliyokatika. Bado yule aliyechukua mali kauli tangu Januari na sasa akipigiwa hapokei.

Yaani dalali ameondoka, lakini tabia ya "napitisha muda" imebaki, na safari hii anayemnyonya fundi ni yeye mwenyewe.

Akiamua saa yake ina thamani ya shilingi 2,000, pea ile inamgharimu 7,200 kabla hata ya kuweka faida ya biashara. Hapo ana njia mbili, na zote zina mizizi kwenye historia. Ya kwanza ni ya Kazuri: kupunguza muda kwa kugawa kazi. Atoboe zote siku moja, apange rangi za pea kumi siku moja, atunge siku nyingine. Pea ikishuka mpaka saa moja na nusu, gharama inakuwa 5,200. Ya pili ni ya kina mama wa Kimasai: kuwa na mpangilio ambao mtu akiuona barabarani anajua ni wa nani, ili bei isilinganishwe na mzigo wa China wa jumla. Wenye biashara iliyosimama mara nyingi wanafanya yote mawili.

Na kuna vitu vidogo vya kila siku. Daftari, hata la kurasa 40, linaloandika kilichoingia na kilichotoka. Malipo ya awali kwa kila oda maalumu, kwa sababu hereni zenye jina la mtu huwezi kumuuzia mwingine. Umaliziaji safi, maana kiondo kilifundisha kwamba hela inakaa kwenye zipu na lebo. Na bei kuandikwa wazi kwenye posti, kwa sababu ile "bei njoo inbox" inawafukuza wateja na kumfanya muuzaji abadilishe bei kwa kuangalia sura ya mtu.

MESEJI YA NNE

Tumbe walisugua makombe na majina yao hayajulikani. Kofia zimekaa kwenye makabati ya mamba na mababu, zimeoshwa mara mia, viua bado vimesimama, na familia nyingi haziwezi kusema nani alizishona. Kazi ilidumu kuliko malipo yake.

Binti wa Sinza ana bahati ambayo wale hawakuipata. Jumamosi asubuhi inaingia meseji ya nne: "Mambo dada, zile hereni shilingi ngapi?" Anaangalia daftari kwanza. Kisha anaandika: "Elfu nane na mia tano. Ukilipia leo, Jumanne unazo."

Mteja anajibu, "Mbona ghali?" Kimya kinapita cha dakika kumi. Binti hafuti meseji, hashushi bei, anaendelea kutunga. Huenda mteja akarudi, huenda akaenda kununua za plastiki za elfu mbili. Akienda, atakuwa ameondoka mteja mmoja. Ile ya "elfu tano tu, shosti" ilikuwa inaondoka na fundi mzima.

Na wewe unayetunga, unayeshona au unayesuka usiku wakati wengine wamelala: saa zako ziko kwenye bei, au bado unapitisha muda?